Wale Sita wa Ziada

Songea, Jumapili mchana

Mwanangu Imelda,

Utakapoisoma barua hii utakuwa umeshapita Makambako, na hutaweza kurudi kunibishia. Ndiyo maana nimeitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, chini ya karanga, kwa sababu nakujua: karanga hutazigusa mpaka njaa ikushike vizuri.

Sasa hivi wewe na baba yako mko Peramiho kumuaga bibi, na nyumba imetulia. Mambo ya shuka, ndoo, kufuli na cheti cha kuzaliwa nimemwachia baba yako, ambaye tangu juzi anaandika orodha na kuipoteza. Kuhusu kula, kulala na wanaume sina jipya. Hayo nimeshakuambia mpaka ukaanza kuyamalizia wewe kabla sijafunga mdomo.

Nataka kujibu swali lako. Jumatano tulipokuwa mezani shangazi yako alishikwa na kikohozi mpaka akaweka tonge chini, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kilipopoa ukaniuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza saa: "Mama, hivi kilichomuumiza shangazi ni lile bani la kukaushia tumbaku au ni jiko la kuni?" Nikakujibu kwamba hayo ni mambo ya Mungu. Halafu nikainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Niliona aibu, Imelda. Unakwenda kusomea takwimu za afya kwa sababu ya kikohozi kile. Uliandika hivyo kwenye barua ya kuomba ufadhili, nami niliisoma ulipoiacha juu ya kabati. Na mtu wa kwanza uliyemwuliza, tena mwenye jibu, akakukimbia.

Jibu ni kwamba ni vyote viwili. Bani peke yake lingemdhuru. Jiko peke yake lingemdhuru. Vilipomkuta mtu mmoja vilimdhuru zaidi kuliko ambavyo ungepata ukijumlisha madhara ya hiki na ya kile. Na kuna cha tatu ambacho hukukitaja kwa sababu hukukijua. Cha tatu ni mimi mama yako.

Unakumbuka kwamba kabla sijaingia ofisi ya takwimu hapa mjini nilikuwa karani wa utafiti. Ulikuwa darasa la tatu, ukawa unabaki kwa bibi wiki nzima, na nikirudi unanikasirikia mpaka nikupe biskuti. Tulikuwa tunachunguza vifua vya wanawake katika vijiji vinavyolima tumbaku ya moshi, mbele ya Lusewa, na kimojawapo kilikuwa kijiji cha shangazi yako Kandida. Mimi nilifurahi sana. Nilikuwa nafika kwa wifi yangu nikiwa na gari la mradi, kitambulisho shingoni na kalamu tatu mfukoni. Nilijidai, sikufichi.

Wewe bani umelisikia tu, hukuwahi kukaa ndani yake. Tumbaku ile haikaushwi juani. Majani yanatundikwa ndani ya banda la udongo, na chini yake magogo yanafuka siku nyingi. Moto ukizima, jani linaoza. Ukipanda, linaungua. Kwa hiyo lazima mtu akae hapo, aingie na kutoka, asogeze gogo, anyunyize maji, na mtu huyo mara nyingi ni mwanamke. Kazi hiyo inaangukia miezi ya mvua, miezi ileile ambayo huwezi kupika nje. Basi mwanamke anatoka bani macho mekundu, anavuka uwanja wenye tope, anaingia kwenye jiko lisilo na dirisha kuwasha kuni mbichi. Nililiona hilo nyumba baada ya nyumba. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda naweka vema kwenye dodoso: bani, ndiyo; anapikia ndani, ndiyo. Halafu nafunga dodoso, nashukuru, naenda nyumba nyingine.

Utafiti ulipokwisha, mtaalamu wetu wa takwimu akaandika taarifa nene. Alikuwa mama mpole, mwenye subira, na kila sentensi yake aliipima kabla ya kuiandika. Mimi nikapewa kazi ya kutoa ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi kwa ajili ya vijiji. Niliipenda kazi hiyo. Siku zote nilikuwa nawasema wataalamu kwamba wanaongea na watu kama wanaongea na mashine.

Katika taarifa yake kulikuwa na sentensi iliyosema hivi: hatukupata ushahidi wa mwingiliano kati ya bani na jiko la ndani katika kipimo cha kuzidisha. Chini yake aliweka jedwali lenye mafungu manne ya wanawake, na maelezo kwamba kwa kipimo cha kujumlisha hali ni tofauti, msomaji alitazame jedwali. Mimi nikasoma "kipimo cha kuzidisha" nikasema moyoni, nani huko kijijini atakayeelewa kitu hiki? Nikayakata maneno hayo. Jedwali nikaliruka. Kwenye ukurasa wangu nikaandika: Bani na jiko haviongezeani madhara.

Itazame hiyo sentensi. Fupi, nyepesi, hata mtoto angeielewa. Mtaalamu alikuwa ameshasafiri na hakuna aliyeirudia taarifa yake. Mratibu akaniambia, "Gaudensia, wewe ndiye unayejua kuongea na wananchi." Nilitembea na sifa ile mwezi mzima.

Usidhani nilidanganya kwa makusudi. Nilidhani nawasaidia. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba sikuona chochote kibaya. Kama ningekuwa nimeficha kitu, moyo ungenisuta mapema.

Mradi ulikuwa na majiko ya bomba, yale yanayotoa moshi nje ya nyumba, lakini hayakutosha kijiji kizima. Pia kulikuwa na barakoa za kitambaa kwa wanaolinda moto wa bani. Mkutano wa kijiji ukaitishwa. Unajua kwetu kitu kisipotosha kinagawanywaje: kila nyumba ipate kimoja, asionekane mtu amekula mara mbili. Mtendaji akausoma ukurasa wangu kwa sauti, kisha akasema jambo lililowaridhisha wote. Kwa kuwa wataalamu wamesema vitu hivi haviongezeani, nyumba zenye bani zichukue barakoa, na nyumba zisizo na bani zichukue majiko. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake, natingisha kichwa kukubali.

Shangazi yako akanyoosha mkono. Alisimama na kanga yake begani, akaniangalia mimi, siyo mtendaji. "Mtaalamu," akasema, na watu wakacheka kidogo maana wote walijua ni wifi yangu, "na sisi wenye vyote viwili je? Asubuhi niko bani, jioni niko jikoni. Kifua changu ni kimoja."

Imelda, hilo ndilo swali la utafiti wote ule. Mtaalamu alilihangaikia miezi mingi kwenye kompyuta, na mwanamke wa darasa la saba alilisema kwa pumzi moja. Na mimi nikamjibu, "Mama, kitaalamu vitu hivyo haviongezeani. Ukijikinga bani utakuwa salama." Nilimwita Mama. Sikumwita wifi, kwa sababu nilitaka nionekane niko kazini. Akasema asante, akaketi.

Barakoa hazikumaliza wiki. Zililowa jasho, zikanuka, zikatundikwa kwenye misumari mlangoni. Shangazi yako aliendelea na bani lake na jiko lake msimu baada ya msimu, na yaliyofuata umeyaona mwenyewe, maana wewe ndiye unayempangia mito ili alale ameketi.

Sasa nikueleze nilivyogundua. Miaka mitatu iliyopita tulipelekwa semina ya wiki moja hapahapa mjini. Mwalimu alikuwa binti mdogo, hata wewe ungeweza kumwita dada. Akachora visanduku vinne ubaoni, akaandika namba za mfano, akatuambia tufanye hesabu mara mbili, kwanza kwa kuzidisha, kisha kwa kujumlisha. Nilimaliza wa kwanza, unanijua. Halafu nikaangalia majibu yangu mawili: hayakufanana. Chai ilipoletwa sikunywa. Nilirudi nyumbani, nikaitoa ile taarifa nene chini ya sanduku la nguo, nikasoma jedwali nililoliruka. Lilikuwa limekaa pale miaka yote hiyo, limeandikwa vizuri kabisa.

Ningesema siku ileile, barua hii isingekuwepo. Sikusema. Nilinunua jiko moja la bomba nikalituma kwa shangazi yako, na fundi wa kulijenga. Alinisifu kijiji kizima. Alinipigia simu akasema, "Wifi, wewe ndiye ndugu," nami nikapokea. Nilikuwa najikosha. Nyumba nyingine zenye bani na jiko la ndani sikuzitumia hata salamu. Msimu uliofuata kifua cha shangazi yako kikagoma kabisa, baba yako akaenda kumchukua, na tangu hapo tunakaa naye. Nimempikia, nimemwogesha, nimempeleka kliniki, na kila siku ya hiyo miaka miwili nimekuwa na sentensi moja kooni.

Sasa sikia. Wiki mbili zilizopita mtendaji wa kule alinipigia simu. Mtendaji ni mpya, kijana mwenye adabu, akaanza na shikamoo mama. Akasema kuna mradi mwingine unaleta majiko, safari hii mengi zaidi lakini bado hayatoshi, na wao hawatapata shida ya kugawa kwa sababu faili lina mwongozo wangu, ule ukurasa, wameutia plastiki usichakae. Mkutano ni Jumatatu hii, yaani kesho, saa nane mchana. Alinipigia kunishukuru.

Nikamwambia sawa. Ndiyo, nilisema sawa, nikakata simu. Wanawake walewale, na binti zao ambao sasa wanalinda moto badala yao, wataambiwa tena wachukue barakoa, kwa maneno yangu, kwa sababu mimi naogopa aibu. Nilikaa na hiyo sawa siku kumi. Ukaja wewe Jumatano na swali lako.

Leo asubuhi mlipoondoka nilimkuta shangazi yako barazani anachambua maharage kwenye ungo. Nikaketi chini karibu na miguu yake. Nikamwambia, "Wifi, nina neno, na nikiliacha mpaka kesho sitalisema." Akasema, "Sema, mimi natumia mikono tu, masikio yapo." Nikaomba maharage.

Nakuandikia hapa nilivyomwonyesha, kwa sababu huko chuoni watakuonyesha kwa herufi na alama, na nisingependa usahau kwamba ni watu. Nilitenga mafungu manne kwenye ungo. Nikamwambia hizi si namba za utafiti wetu, ni za kuelewana tu. Chukua wanawake mia wasio na bani wala jiko la ndani: wanaougua kifua, tuseme, wawili. Nikaweka maharage mawili. Mia wenye bani tu: sita. Mia wenye jiko la ndani tu: watano. Mia wenye vyote viwili: kumi na watano.

"Sasa," nikamwambia, "bani limeongeza wangapi juu ya wale wawili?"

"Wanne."

"Na jiko?"

"Watatu."

"Basi mwenye vyote viwili, kama kila kimoja kinafanya kazi yake bila kumsaidia mwenzake, tungetegemea wangapi?"

Alihesabu kwa kidole. "Wawili wa mwanzo, na wanne, na watatu. Tisa."

"Lakini hapa wapo kumi na watano."

Akatenga tisa upande mmoja, akabaki na sita kwenye kiganja.

Nikamweleza na ile njia nyingine, ya kuzidisha. Bani limewafanya wawili kuwa sita, yaani mara tatu. Jiko limewafanya wawili kuwa watano, mara mbili na nusu. Zidisha wawili kwa tatu, kisha kwa mbili na nusu, unapata kumi na tano kamili. Kwa njia hiyo hakuna kilichozidi, kila kitu kimetimia kama kilivyotegemewa. Mtaalamu akisema kwa kipimo hicho hakuna mwingiliano, amesema kweli. Kumbe wale sita wapo palepale, wamekaa kwenye kiganja, wanakohoa. Kipimo kimoja hakiwaoni na kingine kinawaona, na mimi niliwapelekea wananchi kile kisichowaona bila kuwaambia kwamba kuna kingine.

Halafu nikamwonyesha la jiko, ambalo ndilo lililoniuma zaidi. Ukipeleka jiko la bomba kwa wale mia wasio na bani, watano wanarudi kuwa wawili. Umeokoa watatu. Ukilipeleka jiko lilelile kwa wale mia wenye bani, kumi na watano wanarudi kuwa sita. Umeokoa tisa. Jiko ni moja, fundi ni mmoja, udongo ni uleule. Sisi tuliyapeleka kule kwa watatu, kwa makofi.

Shangazi yako aliyaangalia yale maharage sita muda mrefu. Kisha akaanza kuyarudisha kwenye ungo moja moja, na kila alilorudisha akalipa jina. "Mama Otmar," akasema. "Yule mwenye nyumba karibu na kisima." Alitaja watano. Wawili kati yao tulishawazika. Harage la sita hakulipa jina, alilishika tu.

Nikamwambia, "Wifi, ule ukurasa niliandika mimi. Uliponiuliza mkutanoni, uliuliza sawasawa, na mimi nilikujibu vibaya mbele za watu. Na nimejua hivyo miaka mitatu."

"Miaka mitatu," akasema.

"Ndiyo."

"Na lile jiko ulilonitumia?"

"Nilikuwa najua."

Alikasirika, Imelda. Sijawahi kumwona vile. Hana pumzi ya kupiga kelele, kwa hiyo alisema polepole, na kila neno lilinifikia. "Nimekusifu kijiji kizima. Nimekula sahani moja na wewe, umenishika mkono usiku sipumui, na ulikuwa unalijua hili. Ungeniambia, Gaudensia. Mimi ningekuwa mtu mwenye sababu. Nimekaa nikidhani ni mwili wangu tu mbovu." Hakuniita wifi. Nililia. Yeye hakulia.

Nikamwomba msamaha. Akatikisa kichwa. "Kawaombe wale kwanza, wenye moto bado unafuka. Ukirudi utanikuta hapa, na mimi nitakuwa nimeshafikiri." Kisha akaendelea kuchambua maharage, ndiyo hayo mtakayokula jioni.

Basi kesho nakwenda. Baba yako, niliyemweleza jana, alishauri nimtumie mtendaji ujumbe kwenye simu, eti inatosha. Nikamwambia maneno yale niliyasema nimesimama mbele ya watu, na nitayafuta nimesimama mbele ya watu. Akaniuliza kama nataka anisindikize. Sitaki. Aende kukupakia wewe kwenye basi, usiondoke bila mtu wa kukupungia mkono.

Najua kitakachonipata. Watasema huyu mama alituua halafu amekuja kutupa hesabu. Huenda mtu akasema nafanya hivi ili kumpendelea wifi yangu, ingawa wifi yangu hana tena bani wala jiko huko. Nyumba zisizo na bani zimeshaandikwa kwenye orodha ya majiko na zitanichukia, na zitakuwa na haki yao, maana nao wana moshi na nao ni wawili wanaokuwa watano. Nitawaambia hivyo. Sitawaambia kwamba moshi wao si kitu. Nitawaonyesha kwa maharage, na wakiniuliza nisichokijua nitasema sikijui. Namba za kweli za kijiji kile zilikuwa na wasiwasi wake pia, maana wanawake wenye vyote viwili katika madodoso yetu hawakuwa wengi, na fungu likiwa dogo jibu lake linayumba. Hilo nalo nililiruka. Tulipokosa ushahidi mimi niliwaambia watu kwamba tumepata jibu, nalo ni hapana. Ni vitu viwili mbalimbali, mwanangu, na umbali kati yao mimi nimeupima kwa watu ninaowajua.

Sikuandikii haya ili uogope kazi unayoiendea. Nataka uende nayo kwa nguvu. Mimi nilikuwa naamini kazi ya mtu wa takwimu ni kupata jibu, na kazi yangu mimi karani ni kulifanya liwe tamu mdomoni. Sasa naamini kwamba ukikata neno kwenye sentensi ya mtu aliyelipima, lazima ujue umemkata nani. Utakutana na watu wengi hodari watakaokuuliza kama ulivyoniuliza wewe mezani, ni hiki au ni kile. Na wewe ulikuwa umekosea hapo, niruhusu nikuambie. Ile "au" yako nilikuwa nayo hata mimi. Waulize vilikutana wapi, mwezi gani, katika mwili wa nani. Na kabla kompyuta haijakupa jibu, amua kipimo kipi unakitaka na kwa nini, na kwa kazi ya kugawa majiko yasiyotosha, hesabu watu wenyewe, kwa kujumlisha. Ukishaona jibu utapenda lile linalokupumzisha. Mimi nililipenda.

Jambo jingine, halafu nakuacha. Utakosea. Wewe ni binti yangu, una haraka kama mimi na unapenda kusifiwa kama mimi, usibishe. Ukikosea, mtu wa kumwambia hatakuwa na sura ya kutisha. Atakuwa anachambua maharage. Mwendee mapema. Miaka mitatu niliyokaa kimya imeniumiza kuliko ile sentensi, kwa kuwa sentensi niliiandika bila kujua, lakini kimya nilikuwa naamka nacho kila asubuhi.

Unaweza kunikasirikia. Nimejiandaa. Ukitaka kukaa wiki nzima bila kunipigia, kaa, lakini mpigie shangazi yako. Yeye anajua kwamba nimekuandikia, alitaka kujua kama nimeandika na habari ya kumwita Mama. Nimeiandika.

Nawasikia sasa kwenye geti, baba yako anagombana na mlango. Nitaukunja mdomo kama kawaida, nitakuuliza bibi amesemaje, na hutagundua kitu. Nakupenda, Imelda. Nilikupenda hata uliponiuliza, hasa uliponiuliza.

Kesho alfajiri wewe utapanda basi lako kuelekea Njombe na mimi nitapanda langu kuelekea Namtumbo. Ukipiga simu saa nane na isipokelewe, usihofu na usirudie kupiga. Nitakuwa nimesimama mbele ya watu, na nitakuwa bado sijamaliza.

Mama yako,
Gaudensia